Wamormoni ni nani, na kwa nini mtu wa Gando awajue?

Na Mwandishi Wetu, Pemba

GANDO, katika Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba, ni mahali ambapo mtu anaweza kuzaliwa, kusoma chuoni, kuvua, kuchuma karafuu, kuoa, kulea wajukuu na kuzikwa bila ya kukutana hata mara moja na muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao dunia imezoea kuwaita Wamormoni.

Hata hivyo, watu wa Gando hawaishi Gando tu. Wapo Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kwa biashara, wapo Dubai na Maskati kwa jamaa zao, na wapo Ulaya na Marekani kwa masomo na kazi. Huko ndiko wanakokutana na vijana wanaotembea wawili wawili, mashati meupe, vibandiko vya majina vifuani, wakisalimia kwa adabu na kuomba dakika chache za mazungumzo. Baadaye hurudi nyumbani na masimulizi: kwamba watu hao huoa wake wengi, kwamba wana mali isiyohesabika, kwamba si Wakristo, kwamba huyaandika majina ya wafu wa watu wengine.

Kila simulizi miongoni mwa hayo lina chembe ya ukweli, na kila moja limepindishwa mahali fulani. Inafaa kuyachambua, kwani nyuma yake lipo swali ambalo Wazanzibari wanalijua vyema: dola ina mamlaka gani juu ya jambo ambalo muumini anaamini ameruhusiwa au ameamrishwa na Mola wake?

Tuanze na jina. Neno "Mormoni" linatokana na Kitabu cha Mormoni, ambacho waumini hao hukihesabu kuwa maandiko matakatifu sambamba na Biblia. Tafsiri yake kamili ya Kiswahili ilitoka mwaka 2000. Agosti 2018, aliyekuwa Rais wa kanisa hilo, Russell M. Nelson, aliomba umma uliite kwa jina lake kamili na kuacha lile la mkato. Nelson alifariki dunia Septemba 27, 2025 akiwa na umri wa miaka 101, na nafasi yake ikachukuliwa na Dallin H. Oaks, mwanasheria aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Utah. Makala haya yanatumia neno Wamormoni kwa sababu ya wepesi wake tu, si kwa kejeli.

Mwanzilishi wa kanisa hilo alikuwa Joseph Smith, kijana wa mashamba katika jimbo la New York, aliyedai kuonyeshwa na malaika mabamba ya dhahabu yenye habari za watu wa kale wa bara la Amerika. Alikichapisha kitabu hicho mwaka 1830, na Aprili 6 mwaka huo huo akalianzisha kanisa. Wafuasi wake walihamahama kwa kufukuzwa. Mwaka 1838 Gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba waondolewe katika jimbo lake au waangamizwe, amri ambayo haikufutwa rasmi hadi mwaka 1976. Smith mwenyewe aliuawa na kundi la watu wenye silaha Juni 27, 1844, akiwa mahabusu katika mji wa Carthage, Illinois. Kiongozi aliyemfuatia, Brigham Young, aliwavusha waumini nyika na milima hadi bonde la Ziwa la Chumvi, ambalo Julai 1847 lilikuwa bado ni ardhi ya Mexico. Hapo ndipo palipoinuka mji wa Salt Lake City, makao makuu ya kanisa hilo hadi leo.

Haifai kusimulia upande mmoja. Wamormoni waliodhulumiwa nao walidhulumu. Septemba 1857, askari wa mgambo wa Kimormoni waliwaua wasafiri wapatao 120, wakiwamo wanawake na watoto, katika eneo la Mountain Meadows kusini mwa Utah.

Kwa upande wa itikadi, msomaji Mwislamu ataona mara moja palipo na mpaka. Wamormoni wanaamini kuwa unabii haukukoma, na kwamba Rais wa kanisa lao katika kila zama ni nabii. Wanaamini kuwa Mungu Baba ana mwili, na kwamba Yesu ni Mwana wake. Hayo yote yako mbali kabisa na tauhidi. Lakini hata makanisa makubwa ya Kikristo hayakubaliani nao, maana Wamormoni hawaifuati itikadi ya Utatu kama ilivyowekwa na mabaraza ya kale, na mwaka 2001 Vatikani ilitamka kuwa ubatizo wao si halali kwa Wakatoliki. Wao wenyewe hujiita Wakristo bila ya kusita.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo mtu wa Pemba atayaona si mageni. Hawanywi pombe wala hawavuti tumbaku. Hufunga Jumapili moja ya kila mwezi, kwa kawaida ya kwanza, wakaacha milo miwili, na thamani ya chakula hicho wakaitoa kwa masikini. Wanahimiza mavazi ya stara na wanakataza zinaa. Mgeni wa aina hiyo angepokewa vizuri katika baraza yoyote ya Gando, mpaka pale finjani ya kahawa ingemfikia. Mafundisho yao ya mwaka 1833, yanayoitwa Neno la Hekima, yanakataza "vinywaji vya moto", na kanisa limeyafasiri maneno hayo kuwa ni kahawa na chai. Mtu asiyekunywa vyote viwili, katika kisiwa hiki, atahitaji kujieleza kwa muda mrefu kuliko asiyekula nyama.

Sasa tuje kwenye suala la ndoa, ambalo ndilo lililowafanya Wamormoni wajulikane duniani, na ndilo linalomgusa mtu wa Gando kwa namna asiyoitarajia.

Joseph Smith aliingiza ndoa za mitala kwa siri, na mwaka 1852 Brigham Young akaruhusu zitangazwe hadharani kuwa ni mafundisho ya kanisa. Serikali ya Marekani haikukubali. Bunge lilipitisha sheria ya kuzipiga marufuku mwaka 1862. Muumini mmoja, George Reynolds, aliyekuwa karani wa Young, alishtakiwa, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Alijitetea kwamba Katiba ilimlinda kwa kuwa alitekeleza wajibu wa dini yake. Mwaka 1879 majaji walimkatalia. Walisema, kwa muhtasari, kwamba sheria haiwezi kuingilia imani iliyomo moyoni, bali inaweza kuzuia vitendo, hata kama vitendo hivyo vinatokana na imani hiyo.

Kilichofuata kilikuwa kizito. Sheria ya mwaka 1882 iliwanyima wenye wake wengi haki ya kupiga kura na kushika nyadhifa. Ya mwaka 1887 ililivunja kanisa kama chombo cha kisheria na kuamuru mali zake zitaifishwe, na pia ikawanyang'anya wanawake wa Utah haki ya kupiga kura waliyokuwa nayo tangu 1870. Mahakama ya Juu iliibariki sheria hiyo Mei 1890. Septemba mwaka huo, Rais wa kanisa wa wakati huo, Wilford Woodruff, alitoa tamko la kuwashauri waumini waachane na ndoa zilizokatazwa na sheria za nchi. Utah ilikubaliwa kuwa jimbo kamili la Marekani Januari 4, 1896.

Kwa hiyo simulizi kwamba Wamormoni huoa wake wengi limepitwa na wakati kwa zaidi ya karne moja. Anayefanya hivyo leo hufukuzwa kanisani. Vipo vikundi vidogo vilivyojitenga na kuendelea na mitala, na kiongozi wa kimoja kati ya hivyo, Warren Jeffs, alihukumiwa kifungo cha maisha huko Texas mwaka 2011 kwa kuwanajisi watoto, lakini vikundi hivyo havina uhusiano na kanisa la Salt Lake City. Kinyume chake ndicho cha kweli: mwanamume wa Afrika Mashariki mwenye wake wawili, walioolewa kwa halali kabisa, hawezi kubatizwa katika kanisa hilo akiwa bado ndani ya ndoa hizo. Kanisa lililoteswa kwa ajili ya mitala sasa linaikataza hata pale ambapo serikali inairuhusu.

Mapambano yale yaliacha alama nyingine. Mwaka 1891, mwaka mmoja baada ya tamko la Woodruff, Bunge la Marekani liliwaingiza wenye wake wengi katika orodha ya wageni wasioruhusiwa kuingia nchini humo. Kipengele hicho kimebadilishwa maneno tangu hapo, lakini kiini chake kipo hadi leo: anayeomba ukaazi wa kudumu Marekani huku akikusudia kuishi huko katika ndoa ya mitala hukataliwa. Mzanzibari anayejaza fomu za bahati nasibu ya viza, na ambaye ndoa zake mbili zinatambuliwa na Mahakama ya Kadhi, anakumbana na ukuta uliojengwa katika hasira ya Wamarekani dhidi ya watu wa Utah. Hakuna aliyemfikiria yeye wakati wa kuujenga.

Na tofauti ile ya imani na vitendo haiko Marekani pekee. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani na uchaguzi katika mambo ya dini, na inaiweka shughuli ya kueneza dini kuwa hiari ya mtu binafsi, lakini bila ya kuathiri sheria za nchi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo ina masharti ya aina hiyo hiyo. Tofauti ni mahali mstari unapopitishwa. Zanzibar, sheria ya Kiislamu inatumika katika ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu kupitia Mahakama za Kadhi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inayotumika Tanzania Bara haifiki huku. Huko Utah, waumini walikuwa wengi katika jimbo lao lakini wachache katika nchi, na mstari ukapitishwa na wale waliokuwa wengi katika nchi. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kufafanuliwa zaidi jambo hilo.

Baada ya kuiacha mitala, je, Wamormoni waliaminiwa? Si mara moja. Reed Smoot, mmoja wa mitume 12 wa kanisa, alichaguliwa kuwa seneta mwaka 1903, na Baraza la Seneti likamchunguza kuanzia 1904 hadi 1907 likitaka kujua utii wake uko kwa nani, kwa Katiba au kwa nabii wake. Alibakishwa kitini, akatumikia hadi 1933. Swali lilimrudia Mitt Romney alipogombea urais mwaka 2012 kwa chama cha Republican na kushindwa na Barack Obama. Wakati huo huo kiongozi wa walio wengi katika Seneti alikuwa Harry Reid wa chama cha Democratic, naye pia Mmormoni. Imani moja, vyama viwili vilivyoshikana mashati. Kanisa lenyewe husema haliungi mkono chama wala mgombea, ingawa limewahi kuingia uwanjani kwa nguvu katika masuala mengine, kama lilivyofanya California mwaka 2008 katika kura ya maoni ya kupinga ndoa za jinsia moja.

Chuki ya zamani haijazikwa yote. Septemba 28, 2025, siku moja baada ya kifo cha Nelson, mtu mwenye silaha alilishambulia kanisa la Wamormoni katika mji wa Grand Blanc, Michigan, akaua waumini wanne na kulichoma moto jengo.

Kwa Mwafrika lipo suala jingine, na hili halikuletwa na serikali yoyote. Kanisa hilo lenyewe ndilo lililomfungia mlango. Ingawa wanaume wachache weusi, kama Elijah Abel, walipewa ukuhani katika miaka ya 1830, kuanzia 1852 Brigham Young alitangaza kuwa mtu mweusi hastahili kuupata. Katika kanisa hilo ukuhani hupewa takriban kila mwanamume muumini tangu ujana wake, kwa hiyo kuukosa kulikuwa ni kuwekwa nje ya utumishi wote wa maana, na ibada kuu za hekaluni zilifungwa kwa wanaume na wanawake weusi pia. Marufuku hiyo ilidumu hadi Juni 1978, wakati Rais Spencer W. Kimball alipotangaza kuwa amepokea ufunuo wa kuiondoa. Tanzania ilikuwa na umri wa miaka 14. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo ya kuzikana nadharia zilizotumika zamani kuihalalisha, ikiwamo ile ya kwamba weusi ni alama ya laana. Mtu anaweza kuyapokea maelezo hayo au kuyaona yamechelewa; tarehe haziwezi kubadilishwa.

Ndiyo maana historia ya kanisa hilo Afrika Mashariki ni fupi. Kenya ililisajili mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992. Mwaka 2009 Joseph W. Sitati wa Kenya aliteuliwa katika safu ya viongozi wakuu, Mwafrika mweusi wa kwanza mzaliwa wa bara hili kufika hapo. Mwaka 2020 Dar es Salaam ilipewa misheni yake, na Nairobi ikawa makao ya uongozi wa kanda ya Afrika ya Kati. Duniani kote kanisa linahesabu waumini zaidi ya milioni 17.

Ama kuhusu fedha, kila muumini anatakiwa kutoa fungu la kumi la mapato yake, na asiyetoa hapati kibali cha kuingia hekaluni. Si sawa na zaka ya Kiislamu, ambayo ina nisabu na kiwango kidogo zaidi, na ambayo masikini haimpasi. Aprili 2018 Nelson alifika Nairobi na kuwaambia waumini kuwa fungu la kumi ndilo litakalouvunja mzunguko wa umasikini wa vizazi na vizazi, na akaikosoa desturi ya kulipa mahari kubwa. Waliomsikiliza wakiwa na madeni ya harusi huenda walipumua. Lakini miaka mitano baadaye, Februari 2023, mamlaka ya kusimamia masoko ya hisa ya Marekani ililitoza kanisa faini ya dola milioni 1 na kampuni yake ya uwekezaji, Ensign Peak, dola milioni 4, kwa kutumia kampuni za kivuli kuficha umiliki wa hisa zilizofikia thamani ya takriban dola bilioni 32. Kumtaka mchuuzi wa Nairobi shilingi moja katika kila kumi huku hazina ikiwa na ukubwa huo ni jambo linalohitaji hoja nzito, na kwa maoni ya mwandishi huyu hoja hiyo bado haijatolewa.

Limebaki simulizi la majina ya wafu, na hapa watu wa Pemba wanapaswa kuwa makini. Wamormoni wanaamini kuwa familia huunganishwa milele hekaluni, na kwamba muumini aliye hai anaweza kubatizwa kwa niaba ya jamaa aliyekufa. Marehemu, kwa mafundisho yao, yuko huru kuukubali au kuukataa ubatizo huo. Kwa ajili hiyo wamekusanya kumbukumbu za nasaba kuliko pengine taasisi yoyote duniani, wakazihifadhi katika ghala lililochongwa ndani ya mlima karibu na Salt Lake City, na kuziweka wazi bila ya malipo kupitia shirika lao la FamilySearch. Katika nchi kadhaa za Afrika shirika hilo limekuwa likiwarekodi wazee wakitaja vizazi vyao kwa mdomo.

Faida yake ni dhahiri. Wazee wanaojua nani alitoka Hadhramaut, nani Oman na nani Tumbatu wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna daftari. Lakini mwenye kutoa majina anapaswa kujua yanaweza kutumiwa kwa nini. Jumuiya za Kiyahudi zililalamika baada ya kugundua kuwa wahanga wa mauaji ya Hitler walikuwa wakibatizwa baada ya kufa, na mwaka 1995 kanisa likakubaliana nao kuiacha tabia hiyo. Kanuni ya sasa inamtaka muumini apeleke majina ya wahenga wake mwenyewe tu. Ukoo wa Gando ambao mjukuu wake mmoja amebatizwa Nairobi au Minneapolis unaingia ndani ya kanuni hiyo, maana wahenga wa mjukuu ndio wahenga wa ukoo.

Pemba imewahi kuishi na kundi dogo la Kikristo kutoka mbali. Mwaka 1897, mwaka ule ule Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria, Waingereza wa Jumuiya ya Marafiki, ambao wengi huwaita Quaker, walikuja kisiwani wakanunua shamba la karafuu huko Banani, karibu na Chake Chake, na kuwaajiri watumwa walioachwa huru kwa ujira. Wao pia walikuwa watu walioonewa zamani katika nchi yao kwa ajili ya imani. Kisiwa hakikuigeuza dini yake, nao hawakufukuzwa.

Uhusiano wa Wamormoni na Waislamu umechukua njia ya namna hiyo hiyo mahali pengine. Chuo Kikuu chao cha Brigham Young kilipojenga kituo cha masomo Jerusalem katika miaka ya 1980, kiliahidi kwa maandishi kutoeneza dini huko. Chuo hicho hicho mwaka 1997 kilichapisha tafsiri ya Kiingereza ya Tahafut al-Falasifa cha Imam Ghazali, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka 2021 kanisa lilitoa kijitabu cha kuwaeleza waumini wake Uislamu kwa heshima. Na Aprili 2020 lilitangaza kujenga hekalu Dubai, kwa mwaliko wa wenyeji.

Hekalu la Nairobi, la kwanza Kenya, liliwekwa wakfu Mei 18, 2025. Kabla yake waumini wa ukanda huu walisafiri hadi Johannesburg kwa ndoa wanazoziita za milele. Kwa desturi ya kanisa hilo, jengo jipya hufunguliwa kwa umma kwa siku chache kabla ya kuwekwa wakfu, na mtu wa dini yoyote huruhusiwa kupita vyumba vyote. Siku hizo zikiisha, haingii tena mtu asiye na kibali, awe mgeni au awe baba wa bibi harusi.